Maji, Metali na Meno ya Njoro

Mto Njoro huanzia juu katika msitu wa Mau, hupita mashambani na karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, kisha huishia Ziwa Nakuru. Maji ya kule juu yana floridi kidogo. Maji ya visima virefu vilivyochimbwa bondeni ni mengine kabisa: yamekaa muda mrefu ndani ya majivu na miamba ya volkano, yakachukua sodiamu kwa wingi na kalisi kwa uchache, na kalisi ikipungua floridi haipati cha kuungana nacho ili itulie chini. Hubaki majini na kupanda hadi kwenye ndoo. Ziwa lenyewe ndilo mfano wa kupindukia. Shirika la Afya Duniani limeandika kwamba kiwango kikubwa zaidi cha floridi ya asili kuwahi kupimwa katika maji popote duniani, miligramu 2,800 kwa lita, kilipatikana Ziwa Nakuru, ilhali kikomo cha maji ya kunywa ni miligramu 1.5. Hakuna anayekunywa maji ya ziwa lile la magadi, lakini watu wa bonde hili wanaishi juu ya miamba ile ile, na meno yao yanasema hivyo kila wanapocheka.

Historia hiyo ya maji husimuliwa peke yake, na historia ya metali ambazo madaktari wa meno hututia kinywani husimuliwa peke yake, kwa wasomaji wengine na kwa hofu nyingine. Ninashikilia kwamba kwa Njoro hizi ni historia moja. Floridi ndiyo inayowapeleka wengi kwa daktari wa meno kutafuta jino jeupe. Kwa daktari ndiko metali inakowapata. Na baadhi yao, wachache lakini wa kweli, miili yao huikataa metali hiyo. Katika sura zote mbili kosa ni lile lile: mtu ameingiziwa kitu kinywani bila kuambiwa jina lake wala kiasi chake.

Lord Delamere alipoweka shamba lake Njoro mnamo 1903, na hata kituo cha kuzalisha mbegu za ngano kilipoanzishwa hapa mwaka 1927, watu walihangaikia kutu ya ngano na magonjwa ya mifugo kuliko meno. Lord Egerton alifungua shule yake ya kilimo mwaka 1939. Leo ndiyo chuo kikuu. Mashamba na makazi yalivyoongezeka, na mto ulivyopungua wakati wa kiangazi, ndivyo maji ya ardhini yalivyotegemewa zaidi. Madhara yake hayakuonekana kwa mtu mzima aliyehamia. Enameli, yaani lile ganda gumu la jino, hutengenezwa ndani ya ufizi tangu utoto hadi miaka minane hivi, na floridi ikizidi katika kipindi hicho, ganda hukomaa likiwa na vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Jino huota likiwa na weupe wa chaki. Kahawia huja baadaye, rangi ya chakula na vinywaji inapopenya vile vitundu. Penye floridi nyingi zaidi ganda huchimbika na kumeguka kwenye ncha. Kwa hiyo anayefika Njoro akiwa na miaka 20 hunywa maji yale yale kwa miaka 40 bila jino lake kubadilika, na mtoto wake aliyezaliwa hapa akawa na meno ya kahawia. Ni rahisi kuona kwa nini watu walifikiria uchafu, ukoo, au mapishi, kabla ya kufikiria kisima.

Waliofumbua fumbo hili walikuwa mbali na Bonde la Ufa, na namna walivyolifumbua ina maana kubwa kwa mjadala wa metali. Mwaka 1901 daktari kijana, Frederick McKay, alifika Colorado Springs nchini Marekani akakuta karibu watoto 9 kati ya 10 waliozaliwa mjini humo wana madoa ya kahawia. Mwaka 1909 alimvuta Greene Vardiman Black, mtafiti wa meno aliyeheshimika kuliko wote Marekani wakati huo, na wawili hao walichunguza meno hayo hadi Black alipofariki mwaka 1915. Walijua kwamba enameli hiyo haiozi upesi, walijua kwamba madoa huwapata waliokulia pale tu, lakini sababu hawakuipata. Mwaka 1923 wazazi wa Oakley, Idaho, walimweleza McKay kwamba madoa yalianza baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya moto. Aliwashauri waliache bomba hilo. Waliliacha, wakatumia chemchemi nyingine, na watoto waliofuata wakaota meno safi. Wazazi walikuwa wameona kwa macho yao kile ambacho maabara haikuwa imekiona.

Kisha likaja suala la Bauxite, mji wa Arkansas uliojengwa na kampuni ya alumini, Alcoa. Watoto wa huko nao walikuwa na madoa. Wakati huo kulikuwa na watu waliodai kwamba sufuria za alumini ni sumu, na mkemia mkuu wa kampuni hiyo, H. V. Churchill, aliogopa kwamba meno ya Bauxite yangeongezea moto lawama hiyo. Akaamua kuyapima maji kwa undani kuliko ilivyokuwa kawaida. Mwaka 1931 alipata floridi, sehemu 13.7 kwa milioni, matokeo ambayo mwanzoni hakuyaamini. Metali iliyoshukiwa haikuwa na hatia. Mkosaji alikuwa majini. Ni kweli kwamba Churchill alikuwa na maslahi ya kampuni ya kulinda, na msomaji ana haki ya kutilia shaka mtu wa namna hiyo. Lakini matokeo yake yalisimama kwa sababu wengine walipima wakaona vivyo hivyo: mwaka huo huo Margaret Cammack Smith na wenzake huko Arizona waliyaunganisha madoa na floridi kwa njia yao wenyewe.

Kenya ilipata ramani yake baadaye. Mwaka 1984 Nair, Manji na Gitonga walichapisha vipimo vya zaidi ya sampuli 1,000 za maji ya ardhini kutoka sehemu mbalimbali za nchi: asilimia 61 zilizidi miligramu 1 kwa lita, na karibu asilimia 20 zilizidi miligramu 5. Maeneo ya volkano, Bonde la Ufa likiwemo, ndiyo yaliyoongoza. Miaka miwili baadaye Manji, akiwa na Baelum na Fejerskov, alionyesha kwamba hata mahali penye miligramu 2 tu watoto wa Kenya waliathirika vibaya. Na mwaka 2002 Moturi, Tole na Davies walichapisha uchunguzi wa Njoro yenyewe, ambapo karibu nusu ya watoto waliochunguzwa walikuwa na madoa ya kiwango cha kati hadi kikali, na vyanzo vingi vya maji vilizidi kikomo. Wakati huo Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilikuwa tayari imeanza, tangu 1998, kusafisha maji kwa mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa tanuruni kwa hewa kidogo, husagwa kuwa chembechembe nyeusi, na floridi hunaswa maji yanapopita humo. Nchi jirani ilikuwa na kazi kama hiyo katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha. Kazi hii inastahili heshima zaidi ya inayopewa. Haiwezi hata hivyo kurudisha jino lililokwisha kuota. Aliyemaliza miaka yake minane kabla chujio halijafika kijijini ana njia zilizobaki: kung'arishwa, kukwanguliwa tabaka la juu, kupakwa resini, au, ganda likiwa limemeguka sana, kuvikwa kofia. Na hapo ndipo tunapoingia kwenye metali.

Black yule yule aliyeshindwa na madoa ya Colorado ndiye aliyeipa dunia, katika miaka ya 1890, fomula ya kuaminika ya amalgamu, ule mchanganyiko wa fedha, bati, shaba na zebaki unaozibia matundu ya meno. Amalgamu ilikuwa na vita vyake tayari. Ndugu wawili walioitwa Crawcour waliifikisha New York mwaka 1833 na kuitumia ovyo. Chama cha kwanza cha madaktari wa meno Marekani, kilichoundwa 1840, kiliwaapisha wanachama wasiiguse, na mabishano hayo yakakivunja mwaka 1856. Walioipinga waliogopa sumu. Hofu hiyo ilipata nguvu mpya mwaka 1926, mkemia Mjerumani Alfred Stock, aliyeugua kwa mvuke wa zebaki wa maabara yake, alipoonya kwamba ziba za meno nazo hutoa mvuke. Kuhusu mvuke alikuwa sahihi. Kuhusu ukubwa wa madhara kwa mgonjwa wa kawaida, tafiti za baadaye hazikumuunga mkono kwa kiasi alichodhani.

Lakini sumu si aleji, na kuzichanganya kumewapoteza wengi. Sumu humdhuru yeyote akipata kiasi cha kutosha, kama floridi inavyomharibia meno kila mtoto anayeinywa kupita kiasi. Aleji huchagua watu. Mwaka 1895 Josef Jadassohn, daktari wa ngozi wa Breslau, aliona mgonjwa aliyepata vipele baada ya kupakwa dawa yenye zebaki. Akambandika kiasi kidogo cha dawa hiyo kwenye ngozi nzima, akangoja, na ngozi ikavimba mahali pale pale. Kipimo hicho cha kubandika kilizaliwa na zebaki, metali ya daktari wa meno, miaka 11 kabla Clemens von Pirquet hajaupa ulimwengu wa tiba neno aleji. Leo inajulikana kwamba chembe za metali zilizoyeyuka hushikamana na protini za mwili, na chembe fulani nyeupe za damu zikishazoea kuziona kama adui, huamka kila zinapokutana nazo, siku moja au mbili baadaye. Kuchelewa huko ndiko kunakofanya aleji ya metali ipotee machoni. Mtu anayevimba papo hapo kwa karanga anajua alichokula. Anayewashwa mdomo siku tatu baada ya kutoka kwa daktari wa meno, au anayepata ukurutu mikononi bila kidonda chochote kinywani, hana sababu ya kuukumbuka utepe wa metali uliofunikwa na kauri nyeupe.

Na metali inayoongoza kwa aleji si zebaki. Ni nikeli, iliyotengwa na Axel Cronstedt huko Sweden mwaka 1751. Mwishoni mwa karne ya 19 ilishajulikana kuwababua ngozi wafanyakazi wa viwanda vya kupaka metali. Kwenye meno ilikuja kwa wingi kwa sababu ya bei ya dhahabu. Kwa vizazi vingi kofia nzuri ya jino ilikuwa ya dhahabu. Marekani ilipoacha kuifunga dola yake kwa dhahabu mwaka 1971, bei ya dhahabu ikapanda sana katika muongo huo, na karakana za meno duniani zikahamia mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ambao nikeli ni zaidi ya nusu yake. Ni mgumu, ni rahisi kuufunika kwa kauri, na ni nafuu. Baadhi yake uliongezwa berili ili umiminike vizuri zaidi, na berili ni hatari kwa mapafu ya fundi anayeusaga, jambo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. Waya za kunyoosha meno nazo zina nikeli: chuma kisichoshika kutu huwa nayo takribani asilimia 8, na zile waya nyororo zinazorudi umbo lake, zilizoanza kutumika kwa meno miaka ya 1970, ni nikeli kwa kiasi cha nusu au kuzidi.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba haya ni mambo ya Ulaya, ya watu walioshiba wanaotafuta ugonjwa. Historia ya bei niliyoieleza inajibu. Mwenye pesa huvikwa kauri tupu au dhahabu; nikeli humwendea asiye na pesa. Tena mlango mkuu wa aleji ya nikeli ni masikio yaliyotogwa, na wasichana wengi wa Kenya hutogwa wakiwa wadogo na kuvalishwa heleni za bei rahisi. Denmark ilidhibiti nikeli kwenye vitu vya kuvaa mwaka 1990, na Umoja wa Ulaya ukafuata 1994, kwa sababu ya heleni na vifungo vya suruali. Mwanamke wa Njoro ambaye sikio lake hutoa maji akivaa heleni zisizo za dhahabu ameshapimwa na heleni hizo, hajaulizwa tu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na sitaki kulipita kwa haraka. Watu wengi wenye aleji ya nikeli kwenye ngozi hukaa na metali kinywani miaka mingi bila taabu. Mate huosha, utando wa kinywa hujibadilisha upesi, na kiasi kinachohitajika kuusumbua ni kikubwa kuliko cha ngozi. Zaidi ya hayo, tafiti za Ulaya za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba vijana waliofungwa waya za meno kabla ya kutoga masikio walipata aleji ya nikeli mara chache kuliko waliotoga kwanza. Metali iliyoingia kwa njia ya kinywa iliufundisha mwili kuvumilia. Ninalikubali lote hilo. Ndiyo maana sisemi metali zing'olewe. Amalgamu inayochimbuliwa bila sababu hutoa mvuke mwingi wa zebaki kwa saa ile kuliko ingetoa kwa utulivu wake, na hupunguza jino zima lililobaki. Resini inayowekwa badala yake ina kemikali zake zinazoleta aleji, kwa wagonjwa na hata kwa madaktari wanaozishika kila siku. Anayelaumu kila jino lenye metali anarudia kosa la waliolaumu sufuria za Bauxite.

Lakini wachache wapo, na dalili zao zinatambulika. Mstari mweupe wenye uchungu kwenye shavu, uliolala sawasawa mahali ziba ya amalgamu inapogusa, na haupo kwingine, ni ushahidi. Mara nyingi ziba ikibadilishwa huondoka. Ufizi unaobaki mwekundu na kuvimba ukingoni mwa kofia moja tu, ingawa mswaki unapita vizuri, unastahili kuulizwa. Jibu hupatikana kwa kipimo cha Jadassohn, ambacho hakijabadilika sana. Daktari wa ngozi hujaza visahani vidogo kwa vaselini iliyochanganywa na chumvi ya nikeli, ya kobalti, ya kromiamu, ya zebaki, ya dhahabu, kila kimoja na chake, huvibandika kwa mistari mgongoni na kuandika namba kando yake. Mgongo hauoshwi siku mbili. Plasta hubanduliwa, ngozi husomwa, kisha husomwa tena siku ya nne, na kwa dhahabu hata baada ya wiki. Vitabu vingi vya tiba vimemfundisha msomaji wa kipimo atafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane, na aliyezoea picha za migongo ya Wazungu akaandika kwamba hakuna kitu. Inabidi apitishe kidole: aleji huhisiwa kama uvimbe mgumu wenye vijipele, na mwanga wa ubavuni huuonyesha. Wagonjwa wangapi wamerudishwa nyumbani na jibu la uongo kwa sababu ya hilo, wala si kwa kukosa vifaa, ni jambo linaloniumiza.

Wapo pia watakaosema kwamba kila shilingi inayotumika kwa vipimo vya metali ingetumika kwa maji, kwa sababu maji hudhuru watoto kwa maelfu na metali mmojammoja. Mpangilio huo ni sahihi. Matangi ya maji ya mvua na mkaa wa mifupa vije kwanza. Ila kumuuliza mgonjwa kama heleni au saa humwasha hakugharimu chochote, na kuandika jina la metali kwenye kadi yake hakuchukui pesa ya chujio la mtu.

Mwelekeo wa dunia unaifanya kazi hiyo kuwa ya lazima zaidi. Uamuzi wa kuanza mazungumzo ya mkataba wa zebaki ulipitishwa Nairobi mnamo Februari 2009, katika baraza la Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Mkataba wa Minamata ulikubaliwa 10 Oktoba 2013 na kuanza kutumika 2017. Kenya, Tanzania na Uganda zilishiriki pamoja mradi wa kujaribu kupunguza amalgamu. Mkutano wa Bali wa mwaka 2022 ulitaka amalgamu isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima, na mwishoni mwa 2025 nchi wanachama zilikubaliana kuikomesha kabisa ifikapo 2034. Sababu ya yote hayo ni zebaki kuchafua hewa, maji na samaki. Aleji haikuwa hoja kuu, na nikeli haimo mkatabani. Amalgamu itaondoka, kofia na waya zitabaki.

Kiwango cha kimataifa cha ISO kwa metali za meno kinamtaka mtengenezaji aandike kwenye kifungashio kama nikeli inazidi asilimia 0.1. Kwa hiyo jina na kiasi tayari vimeandikwa, na fundi wa karakana huviona anapofungua pakiti. Vinapotelea kati ya karakana na kadi ya mgonjwa. Vijana wa Njoro walioota meno yao kabla ya vichujio vya 1998 sasa ni watu wazima wenye mishahara, na ndio wanaokwenda mjini Nakuru kuulizia kofia nyeupe. Wazazi wao hawakuambiwa kilichokuwa kisimani kwa sababu aliyekipima hakuwepo. Kuhusu kofia, aliyepima yupo.